Kijiko cha Maji

Alipokuwa mchanga tulimwogesha kwenye karai la bati,
na kila tulipomtoa, maji kiasi cha kijiko
yalibaki katikati ya kidari chake, yakitetemeka.
Mama yangu Etelka alichovya kidole humo,
akamchora msalaba kwenye paji la uso.
"Kisima," alisema. "Kama cha babake."
Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza miaka kumi na minne.
Mama alikuwa na kifua.
Mimi pia, kifua cha kuficha kifua.

Hapa Tokaj naunda mapipa ya mvinyo.
Nawasha moto wa vipande vya mwaloni, nazilowesha mbao,
nazikunja polepole mpaka ziniambie basi.
Pipa zuri halina ubao ulionyooka.
Nikiletewa kuukuu siulizi limepinda vipi:
nalijaza maji, naenda kulala,
asubuhi natazama sakafu.

Kiangazi hiki Bendegúz alirefuka ghafla,
suruali zikaishia juu ya vifundo kabla ya mavuno,
na kile kisima kikazama.
Mbavu za chini zikajitokeza kama ukingo wa bakuli,
za kushoto kuliko za kulia.
Wenzake walirukia mto Tisza vifua wazi;
yeye alirukia na fulana, ati anaogopa jua.
Uongo huo naujua. Niliutunga mimi,
kwenye gati lile lile, mwaka ambao sitautaja.

Septemba, katika mbio za shule,
aliketi kando ya barabara. Hakuanguka. Aliketi,
kama mtu aliyekumbuka jambo.
"Pumzi inafika hapa," akaonyesha, "halafu inagonga ukuta."
Na moyo?
"Unadunda kwa kurukaruka."
Usiku ule nilitazama sakafu, nikaona maji.
Mficha maradhi nilikuwa mimi,
na sikutaka kilio kiwe cha kwanza kuniumbua.

Treni ya alfajiri hadi Nyíregyháza.
Daktari Lendvai, mikono baridi,
kalamu tatu mfukoni, moja tu ikiandika,
alimwinamisha akatazama uti wa mgongo,
akampima mikono iliyonyooshwa, ncha hadi ncha,
akauliza habari za macho, miwani, vidole virefu.
Alisikiliza moyo muda mrefu, nikahesabu vigae vya ukuta.
"Gegedu imekua ikakosa nafasi," alisema,
"ikakisukuma kidari ndani. Si kukaa vibaya,
si mkoba mzito, si maziwa aliyoyakataa.
Wengi huzeeka nacho, hupanda milima,
wala hawanihitaji.
Lakini anayekatika pumzi, anayeumwa kifua, anayezimia,
anayebadilika umbo mwezi hadi mwezi,
aliyeota uvimbe ambao jana haukuwepo,
huyo asingoje zabibu ziishe kuchumwa."

Nilijitazama viatu. Tulikuwa tumengoja zabibu.

Kisha, bila kuinua macho:
"Yupo mwingine katika familia?"

Harufu ya spiriti. Saa ya ukutani.
Bendegúz akanigeukia.
Ubavu wa kusema sikuwa nao. Nikafungua vifungo.
Cha tatu kilikatika, kikabingirika chini ya kitanda.

Hakuna aliyekiokota.
Mwanangu akasogea, akaweka ngumi yake kwenye shimo langu.
Iliingia yote.
"Lako kubwa zaidi," akasema,
akacheka mbavu hana,
mpaka daktari akamwamuru atulie,
mashine inasoma kicheko badala ya moyo.

Picha nyingine ni Jumanne. Sijui zitasema nini.
Huenda mazoezi ya pumzi, huenda kisu, huenda hakuna.
Ndani ya treni hakuvua koti, nami sikumwambia avue.
Kifungo tulikisahau kule.
Nikakaa shati likiwa wazi pale katikati,
dirisha limefunguliwa nusu,
upepo wa Oktoba ukiingia, ukitua,
kiasi cha kijiko.